Rangi ipi kwa gari lipi: mafuta, akriliki, gwashi, maji, penseli au kupuliza

Anayetaka kuchora magari ya zamani kwa uhalisia, yaani mchoro ambao mtu akiupita ukutani anarudi hatua mbili kuhakikisha kama si picha ya kamera, swali lake la kwanza huwa la dukani: ninunue rangi gani? Si swali baya, ila limekuja mapema. Kabla ya rangi kuna gari. Land Rover iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 na Cadillac ya mwaka 1959 yenye mapezi marefu nyuma hazitofautiani kwa umbo tu. Kila moja inapokea mwanga kivyake, na rangi itakayokupa raha kwenye moja inaweza kukutoa jasho kwenye nyingine.

Naandika nikimfikiria mtu anayechora jioni baada ya kazi, mezani au barazani, asiye na studio wala haraka ya kuuza. Mwenye studio ana hesabu zake.

Kwanza tukubaliane tunachotafuta. Tazama bampa la kromu kwa makini na utaona kwamba halina rangi ya fedha popote. Juu kabisa kuna buluu iliyokolea, ambayo ni anga la utosini. Inapauka kadiri inavyoshuka mpaka inakaribia weupe. Halafu, bila kubisha hodi, unaingia mstari mweusi: ndio upeo wa macho, miti, ukuta wa jirani, na wewe mwenyewe uliyesimama hapo. Chini ya mstari huo kuna ardhi: wekundu wa udongo, kijivu cha lami au manjano ya mchanga. Kinachomfanya mtazamaji aseme "hiki ni chuma" ni ule ukingo mkali kati ya weupe na weusi. Ukiulainisha kidogo tu, kromu inageuka plastiki.

Bodi iliyopigwa rangi ikang'arishwa ina tabia nyingine. Nayo inaakisi anga na ardhi, lakini rangi yake yenyewe inachanganyika na kile inachoakisi, na mpito kutoka mwangani kwenda kivulini ni wa polepole, hasa kwenye boneti za mviringo. Na kuna uso wa tatu, bati lililopauka kwa jua na vumbi, ambalo haliakisi chochote cha maana. Pale kazi yote iko kwenye madoa, mikwaruzo na mibonyeo.

Kwa hiyo kuna kingo kali, kuna mpito laini, na kuna uchakavu. Kila rangi hapa chini ni hodari wa kimoja au viwili kati ya hivyo. Sijaona iliyo hodari wa vyote vitatu kwa bei na nafasi ya mtu wa kawaida.

Mafuta na akriliki

Hapa ndipo ubishi ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Inakauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na jambo hilo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, kutegemea rangi yenyewe: kahawia ya amba huwahi, nyeusi ya pembe huchelewa. Ucheleweshaji huo ndio faida yake kubwa. Chukua Volkswagen Beetle, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na ambalo lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962. Beetle ni mviringo mtupu. Madigadi yake yanatoka mwangani yakaingia kivulini bila mahali unapoweza kuweka kidole ukasema kivuli kimeanzia hapa. Kwa mafuta unapaka rangi tatu zikiwa jirani, iliyokolea, ya kati na iliyopauka, kisha unapitisha brashi kavu na laini pale zinapokutana. Basi. Usiporidhika, kesho jioni bado ni mbichi, unaendelea.

Hasara zake zinafahamika ila hazisemwi zote dukani. Lazima ufuate kanuni ya tabaka: la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi, la sivyo juu patapasuka. Vanishi ya mwisho husubiri miezi sita hadi mwaka. Tapentaini inataka dirisha wazi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe vikatupwa kapuni, kwa sababu vinaweza kujipasha moto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandaze nje vikauke au vilowekwe majini. Na kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisisitizi: kanvasi mbichi usiku, chini ya taa, dirisha likiwa wazi, ni mtego wa wadudu. Vumbi la kiangazi nalo halina huruma na boneti nyeusi iliyopakwa jioni. Kama familia nzima inalala chumba kimoja na jiko limo humo humo, rangi ya mafuta iache kwanza, hata kama ndiyo uipendayo.

Akriliki ni chembe za rangi ndani ya mchanganyiko wa maji na plastiki. Maji yakishaondoka, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa huondoka kwa dakika chache, plastiki inabaki na haiyeyuki tena. Unaweza kupaka tabaka la pili kabla chai haijapoa. Kwa kingo kali hakuna inayoishinda kwa urahisi wake: unabandika tepu ya karatasi, ileile ya mafundi wanaopuliza magari, unakandamiza ukingo wake kwa ukucha, unapaka, unabandua. Mstari umenyooka.

Ndiyo maana nampa akriliki mtu anayependa Peugeot 404. Gari hilo, lililotoka mwaka 1960 kwa mchoro wa Pininfarina wa Italia, limejengwa kwa mikunjo iliyonyooka: mmoja unakimbia kutoka taa ya mbele mpaka kwenye pezi dogo la nyuma, na bodi nzima inategemea huo. Ukipinda, gari linaonekana limegongwa. Ni gari la kuchorwa kwa heshima pia, kwani lilishinda Safari mara nne, mwaka 1963 na kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania.

Udhaifu wa akriliki ni ule ule uliofanya mafuta yapendwe. Mpito laini unaukimbiza, na rangi inakukaukia brashini. Zipo dawa za kuchelewesha, na ipo njia ya kujenga mpito kwa matabaka mengi membamba kama maji ya chai. Inafanya kazi, lakini ni ya mtu mvumilivu. Jambo la pili, akriliki ikikauka inakolea kuliko ulivyoiona mbichi. Ukichanganya rangi ya mlango leo na kuijazia kesho, kiraka kitaonekana. Changanya nyingi, hifadhi kwenye kikopo chenye kifuniko. Kwa palete, yaani mahali pa kuchanganyia rangi, sinia lenye kitambaa kilicholowa na karatasi ya kuokea juu yake huiweka mbichi jioni nzima, ila feni uigeuzie upande mwingine.

Je, mtu anaweza kuoa wote wawili? Anaweza, kwa mpangilio mmoja tu: akriliki chini, mafuta juu. Wengi huweka umbo, vivuli na kingo kwa akriliki siku ya kwanza, kisha hulainisha boneti kwa mafuta. Kinyume chake hakishiki. Akriliki juu ya mafuta hubanduka.

Kwa maoni yangu, kati ya hizi mbili, mwenye nafasi ya kuacha kazi ikauke bila kuguswa achukue mafuta, na anayelazimika kukunja vitu vyake kila usiku ili meza itumike kwa chakula achukue akriliki. Ubora wa mchoro hauamuliwi hapo. Robert Bechtle wa San Francisco alitumia mafuta kuchora Pontiac ya mwaka 1961 ikiwa imeegeshwa na familia yake imesimama mbele yake, kazi aliyoimaliza mwaka 1969. Don Eddy wa California alipuliza akriliki kwenye Volkswagen na mabampa yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wote wawili wamo katika historia ya uhalisia wa kipicha wa Marekani.

Maji na gwashi

Rangi hizi mbili ni ndugu: zote huyeyushwa kwa maji, na hata zikikauka huweza kulainika tena. Tofauti yao ni weupe. Kwenye rangi ya maji, weupe ni karatasi yenyewe, ukiipoteza umeipoteza. Gwashi ni nzito, inafunika, na weupe unaupaka mwishoni juu ya weusi.

Kwa kromu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Anayechora Cadillac ya 1959 kwa rangi ya maji lazima ajue kabla ya kugusa karatasi kila nukta ya mwanga itakuwa wapi, aizibe kwa utomvu wa kufunikia, kisha apake akizunguka. Mwenye gwashi anapaka bampa lote kwa kijivu na buluu, anaingiza mstari mweusi, halafu anadondosha nyeupe pale jua linapogonga. Haishangazi kwamba wasanii wa matangazo walipenda gwashi. Art Fitzpatrick, aliyekuwa akichora magari katika matangazo ya Pontiac kuanzia mwaka 1959 huku mwenzake Van Kaufman akichora mandhari na watu, alitumia gwashi. Magari yake yanameta kuliko gari lolote la kweli, na aliyapanua kimakusudi yaonekane yamekaa chini na kutanuka. Uhalisia una mizaha yake.

Gwashi ina tabia mbili za kuudhi. Rangi zilizopauka hukolea kidogo zikikauka na zilizokolea hupauka, hivyo jaribu kila mchanganyiko pembeni ya karatasi kwanza. Pili, ukipaka tabaka la pili kwa brashi yenye maji mengi, la chini linaamka na kuchafua. Brashi iwe na rangi, si maji. Kazi ikiisha inahitaji kioo, kwani tone moja la mvua linaiharibu.

Rangi ya maji mimi naiweka kwa gari lililochoka. Land Rover za mwanzo zilipata bodi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgawo Uingereza baada ya vita, na bodi hiyo bapa, isiyong'aa, imejaa mibonyeo ambayo rangi ya maji inaiandika vizuri sana: kivuli kimoja chepesi, ukingo mmoja uliofifishwa kwa brashi yenye maji safi, mbonyeo umeingia. Punje za rangi zinapotulia kwenye vishimo vya karatasi zinatoa vumbi bila wewe kuhangaika. Angalizo moja kwa mpenda kutu: alumini haioti kutu nyekundu. Kutu iweke kwenye chasi, bawaba na boliti, ambavyo ni chuma. Mchoro wa Land Rover yenye madigadi yaliyolika kwa kutu nyekundu unamwambia mwenye gari kwamba mchoraji hajawahi kuligusa.

Nunua karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza. Nyembamba zaidi inakunjamana. Na mwenzangu wa Pwani, usihifadhi karatasi ukutani wala chini ya kitanda. Unyevunyevu unaleta ukungu wa madoa ya kahawia.

Penseli za rangi

Hizi hudharauliwa kama vifaa vya shule, na ni kosa. Hakuna harufu, hakuna kukauka, hakuna kuosha. Mtoto akilia unaweka chini, ukirudi kila kitu kiko ulipokiacha. Penseli iliyochongwa vizuri inaingia kwenye waya za rimu, kwenye herufi za namba ya gari, kwenye mshono wa ngozi ya kiti. Mpito laini unaupata kwa matabaka mepesi, kisha unaukandamiza kwa penseli nyeupe au isiyo na rangi mpaka karatasi iache kuonekana.

Lakini ni polepole mno. Boneti nyeusi ya ukubwa wa kiganja inaweza kula jioni nzima, na nyeupe ya penseli haifuniki nyeusi. Hivyo napendekeza penseli kwa sehemu ya gari, si gari zima: taa ya mbele, usukani, dashibodi yenye saa zake, nembo. Angalia pia alama ya kustahimili mwanga kwenye kila penseli. Baadhi ya waridi na zambarau hupauka zikikaa ukutani.

Na kwa kuwa tumetaja rimu: rangi yoyote utakayochagua, gurudumu ndilo litakalokufichua. Gurudumu likitazamwa kwa pembe ni duara lililobanwa, na mhimili wake mfupi lazima ufuate ekseli, yaani mstari unaoingia chini ya gari kuelekea gurudumu la upande wa pili. Wanaoanza huchora mhimili mrefu wima na mfupi mlalo kila mara, gari likaonekana linayumba. Kosa jingine linatoka kwenye simu. Ukipiga picha ukiwa karibu, lenzi inavimbisha taa ya mbele na kuufinya mkia. Rudi nyuma hatua kumi, vuta kwa zumu, kisha piga. Nyakati nzuri ni saa kumi na moja jioni au asubuhi mapema. Jua la saa saba linaua vivuli vyote. Kunakili picha kwa vyumba vya mraba, kwa karatasi ya kaboni au kwa projekta si wizi. Bechtle mwenyewe alimulika slaidi kwenye kanvasi akafuatisha mistari.

Kupuliza

Watu hudhani uhalisia wa kweli ni wa mashine ya kupulizia. Ni kweli kwamba hakuna kinacholainisha mpito kama hiyo, na ina undugu na gari lenyewe: Don Eddy alijifunza kupuliza kwenye gereji ya baba yake, na Mwingereza John Salt, mtoto wa mwenye gereji wa Birmingham, alipuliza akitumia vikato vya karatasi kuchora magari mabovu yaliyotelekezwa Marekani. Kama wewe ni fundi rangi wa magari, tayari mkono unao. Unachokosa ni kalamu ya kupulizia yenye tundu dogo, la milimita 0.2 au 0.3, na utulivu.

Kwa mwingine yeyote hesabu ni ngumu. Kuna kalamu yenyewe, kompresa, filamu ya kuzibia, barakoa ya kuchuja, na umeme usiokatika. Kompresa ya bei rahisi inapiga kelele ambazo jirani hatazisamehe saa nne usiku. Tundu linaziba, na utasafisha muda mrefu kuliko utakaopuliza. Na bado kila ukingo mkali lazima uuzibe kwa filamu iliyokatwa kwa wembe. Ni kazi nzuri, ila isiwe ya kuanzia.

Rangi ya enameli, ile ya kopo inayopakwa baiskeli na milango, imewapa wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam mng'ao wao kwenye hadibodi tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Inapendeza kwa rangi bapa na mistari safi. Kwa uhalisia wa kipicha haifai sana: inakimbia, inanuka, na weupe wake hugeuka manjano.

Kama bado hujaamua

Kwa asiyejua anapenda gari gani, jibu langu ni gwashi. Si kwa sababu ni bora kuliko mafuta, bali inakufundisha kingo na mpito kwa pamoja, kosa linafunikwa, na tyubu nne zinatosha: nyeupe, nyeusi, buluu ya altramarini na kahawia ya siena. Ukichanganya buluu hiyo na kahawia hiyo unapata vijivu vyote vya kromu, vya baridi upande wa anga na vya joto upande wa ardhi, bila kugusa nyeusi mpaka mstari wa upeo. Ongeza brashi mbili, bapa ya sentimita moja na nyembamba yenye ncha.

Usianze na gari zima. Tafuta Peugeot, Beetle au chochote chenye bampa la kromu, hata kama kimesimama juu ya matofali uani kwa mtu, omba ruhusa, piga picha kona ya bampa pamoja na taa moja. Ichore kwa ukubwa wa daftari. Ukimaliza utajua kama kilichokufurahisha zaidi kilikuwa kuukata ule mstari mweusi au kuulainisha ule mviringo wa taa. Aliyefurahia mstari akanunue akriliki na tepu. Aliyefurahia mviringo aanze kutafuta chumba chenye dirisha na nyavu za mbu.